Volkano ikilipuka, lava si ya kwanza kuogopwa

Usiku wa Mei 22, 2021, anga ya Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, iligeuka nyekundu. Mlima Nyiragongo ulikuwa umepasuka ubavuni, na picha zikasambaa kwenye simu haraka kuliko habari yenyewe: mto wa moto unashuka gizani, watu wamejitwika magodoro, wengine wanakimbilia mpaka wa Rwanda. Tangu siku ile, volkano yoyote ikitajwa kwenye habari, maswali huwa yale yale. Moto utafika huku? Kilimanjaro nao utalipuka? Mbona wataalamu hawakujua? Yalirudi Novemba 2025, Hayli Gubbi ya Ethiopia ilipolipuka baada ya kimya cha maelfu ya miaka, majivu yake yakavuka Bahari ya Shamu, yakapita Yemen na Oman, yakafika hadi India.

Ni maswali ya haki, na yanastahili majibu. Lakini ile picha ya mto wa moto imetufundisha vibaya. Imetuaminisha kwamba volkano ni moto, na kwamba asiyefikiwa na moto amesalimika. Ukitazama orodha ya maafa makubwa ya volkano yanayojulikana, lava inaua wachache mno. Walio wengi waliuawa na tope, na mawingu ya joto yaliyoporomoka kutoka mlimani, na mawimbi ya bahari, na hewa isiyoonekana, na njaa iliyokuja miezi kadhaa baada ya mlima kunyamaza. Hayo hayapigwi picha kirahisi, na ndiyo ninayotaka kuyaeleza hapa.

Maneno kwanza

Volkano ni mahali ambapo mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi hupata njia ya kutokea juu. Huenda ikawa mlima mrefu, kilima, au ufa tu kwenye tambarare. Mwamba huo ukiwa bado chini huitwa magma. Ukishatoka nje huitwa lava, na vitabu vya jiografia vya shuleni huiita zaha. Shimo la kileleni ni kasoko, au kreta.

Neno linalopotosha kuliko yote ni "majivu". Majivu ya jikoni ni mabaki ya kitu kilichoungua. Ukiyafikicha ni laini. Majivu ya volkano hayakuungua. Ni mwamba na kioo vilivyosagika mlima ulipolipuka. Yatazame kwa kioo cha kukuzia utaona vipande vyenye ncha kali, kama chupa iliyopondwapondwa. Hayayeyuki majini, hupiga shoti kwenye nyaya za umeme yakilowa, na yakikauka baada ya mvua huganda kama saruji iliyomwagiwa maji na kuachwa. Hata ule "moshi" unaoonekana juu ya kasoko si moshi wa kitu kinachoungua. Sehemu kubwa ni mvuke wa maji uliochanganyika na gesi, na pengine majivu.

Pia tuliondoe wazo kwamba chini ya miguu yetu kuna bahari ya moto inayosubiri mwanya. Sehemu kubwa ya dunia chini ya ganda lake ni mwamba mgumu. Una joto kali, lakini umebanwa na uzito wa ulio juu yake kiasi kwamba hauwezi kuyeyuka. Huyeyuka mahali fulani tu: pale ambapo mabamba ya ganda la dunia yanaachana, kama kwenye Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, pale ambapo bamba moja linazama chini ya jingine, kama kuizunguka Bahari ya Pasifiki, na pale ambapo joto linapanda kutoka kina kirefu sana, kama Hawaii. Kila volkano ina ghala lake la magma. Kwa hiyo mlipuko wa Ethiopia hauuamshi mlima wa Tanzania, hata kama yote miwili imo katika bonde moja.

Chupa ya soda

Kwa nini mlima mmoja humwaga lava polepole na mwingine hupasuka kama bomu? Chukua chupa ya soda ambayo haijafunguliwa. Gesi imo ndani lakini huioni, kwa sababu imebanwa. Itikise, fungua kifuniko, na yote inataka kutoka kwa mara moja. Magma nayo ina gesi iliyobanwa: mvuke wa maji, hewa ya ukaa, gesi za salfa. Ikipanda kuelekea juu, ubano hupungua na mapovu huanza.

Sasa inategemea wepesi wa magma. Ikiwa nyepesi, mapovu hupenya na kutoroka, na lava hububujika. Ikiwa nzito, mapovu hunaswa, hujazana, hubanana, mpaka mwamba wenyewe unapasuka vipande vipande na kurushwa juu angani. Kinachoamua uzito huo, zaidi ya joto, ni kiasi cha silika, madini yale yale yanayotengeneza mchanga na kioo. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo sana, ndiyo maana inakimbia. Magma za milima mingi iliyozunguka Pasifiki zina silika nyingi, ndiyo maana milima ile ina hasira.

Kuna mmoja unaovunja kanuni zote, nao ni Ol Doinyo Lengai wa kaskazini mwa Tanzania, ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu. Ndiyo volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya magadi, yenye silika karibu hakuna. Joto lake ni kama nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, nusu ya lava ya kawaida. Mchana haionekani nyekundu, inaonekana nyeusi kama tope la gereji. Ikishapoa na kukutana na unyevu wa hewa, hugeuka nyeupe, na mtu wa mbali hudhani kileleni kuna theluji. Hata mlima huu uliozoea kububujika taratibu ulibadilika mwaka 2007 na 2008 ukarusha majivu juu angani. Mlima mmoja unaweza kuwa na tabia mbili.

Lava: huzika mali, mara chache huua

Mtu mzima anaweza kuikimbia lava nyingi kwa miguu, na nyingine hata kwa kutembea. Nyiragongo ni wa kipekee. Januari 10, 1977, ziwa la lava lililokuwa kwenye kasoko yake lilitoboka ubavuni likamwagika lote kwa muda usiozidi saa moja, lava ikienda makumi ya kilomita kwa saa, na vijiji vya chini havikupata nafasi. Ilipotokea tena Januari 17, 2002, nyufa zilifunguka kutoka mlimani kuelekea mji. Lava iliingia katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege, ikaishia ndani ya Ziwa Kivu. Watu wapatao 120,000 walibaki bila makazi. Lakini mamia ya maelfu walitoka hai, kwa kuwa ilipofika mjini ilikuwa imepunguza mwendo. Baadhi ya waliokufa waliuawa na kituo cha mafuta kilicholipuka kikiwa kimezingirwa na lava, walipokuwa wamekwenda kuchota mafuta.

Kwa ardhi, lava haina maelewano. Moto wa nyumba huacha kiwanja. Lava hukichukua kiwanja nacho. Kwenye ramani kipo palepale, lakini kiko mita mbili, tatu chini ya jiwe. Alama za mipaka zimepotea, barabara haipo, kisima hakipo, kaburi la mzazi halipo. Ganda la juu huwa gumu ndani ya dakika chache, mtu akapita juu akidhani mambo yamekwisha, kumbe ndani bado pana moto. Lava ya unene wa mita kadhaa huchukua miezi, na nene zaidi huchukua miaka, kupoa mpaka chini. Mvua ikinyesha juu yake utaona mvuke unapanda kutoka kwenye nyufa, asubuhi baada ya asubuhi.

Majivu: mzigo juu ya bati

Lava inafika bondeni tu, majivu yanakwenda popote upepo uendako. Chukua chumba chenye paa la mita 4 kwa 5. Majivu ya kina cha sentimita 10 juu yake ni mita 2 za ujazo, na yakiwa makavu yana uzito wa tani 2 hivi. Ni kama kuegesha magari mawili madogo juu ya bati. Mvua ikinyesha, mzigo unaweza kukaribia maradufu. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka Juni 15, 1991, kimbunga kilipita eneo hilo siku hiyo hiyo. Majivu yalilowa, na wengi waliokufa siku ile waliangukiwa na mapaa ya majengo walimojificha. Walikuwa wamefanya linaloonekana kuwa la busara, yaani kukaa ndani.

Halafu kuna maji. Mwaka 2005 Mlima Karthala wa Komoro ulilipuka mara mbili, Aprili na Novemba. Katika kisiwa cha Ngazidja watu wengi hutegemea maji ya mvua yanayohifadhiwa kwenye matangi na visima vya saruji. Majivu yaliingia humo, na maji ya kunywa yakawa tatizo kubwa kuliko mlima wenyewe. Hakuna nyumba iliyoungua, hakuna lava iliyoingia kijijini, lakini mama hana maji ya kumpa mtoto. Huo pia ni mlipuko wa volkano.

Mifugo huteseka kimyakimya. Ng'ombe na mbuzi wanaokula nyasi zilizofunikwa na majivu husagika meno, kwa sababu wanatafuna kioo. Baya zaidi, majivu mengine hubeba floraidi, na ikizidi ni sumu. Iceland ilijifunza hilo kwa gharama kubwa: mwaka 1783 ufa wa Laki ulifunguka ukatoa lava na gesi kwa miezi minane. Zaidi ya nusu ya mifugo ya nchi ilikufa, na njaa iliyofuata ikachukua karibu mtu mmoja kati ya kila watano.

Kuhusu ndege, wengi hudhani rubani anashindwa tu kuona. Tatizo ni injini. Ndani yake kuna joto linaloweza kuyeyusha kioo. Majivu huingia, huyeyuka, kisha huganda kwenye sehemu zinazozunguka. Juni 24, 1982, ndege ya British Airways ilipita kwenye wingu la majivu ya Mlima Galunggung wa Indonesia, injini zote nne zikazima. Iliteleza hewani kama tiara mpaka ilipotoka kwenye wingu, injini zikawaka tena, na abiria wote wakanusurika. Ndiyo maana mwaka 2010, mlima wa Eyjafjallajökull huko Iceland ulipolipuka, anga ya Ulaya ilifungwa kwa siku kadhaa. Wakulima wa maua wa Kenya, maelfu ya kilomita mbali, walitupa mavuno yao kwa sababu hayakuwa na ndege ya kuyabeba.

Tope, ambalo husahaulika siku zote

Ningeambiwa nichague jambo moja tu ambalo kila anayeishi karibu na mlima wa volkano alijue, ningechagua hili. Majivu mapya yakikutana na maji mengi, ya mvua au ya barafu iliyoyeyuka, huwa tope zito linaloshuka mabondeni. Wataalamu huliita lahari, neno lililotoka Indonesia. Usilifikirie kama mafuriko ya kawaida. Lifikirie kama zege mbichi inayotembea: inabeba mawe makubwa kama magari, inang'oa madaraja, na ikisimama inaganda na kila ilichokimeza.

Novemba 13, 1985, saa tatu usiku, Nevado del Ruiz wa Kolombia ulilipuka. Haukuwa mlipuko mkubwa. Lakini mlima ule ni wa zaidi ya mita 5,000 na kilele chake kimevaa barafu. Sehemu ndogo tu ya barafu iliyeyuka, maji yakakutana na majivu, yakaingia kwenye mabonde ya mito na kuzidi kunenepa kila yalipokwangua kingo. Saa mbili na nusu baadaye, tope lilifika mji wa Armero, zaidi ya kilomita 70 kwa kufuata mto. Wakazi wengi walikuwa wamelala. Zaidi ya 20,000 walikufa katika mji wa watu wapatao 29,000.

Majivu yalikuwa yameanguka mjini alasiri ile, na watu wakaambiwa watulie. Ramani ya hatari ilikuwa imekwisha kuchorwa wiki chache kabla, ikionyesha Armero katikati ya njia ya tope. Na mahali pale pale palikuwa pamewahi kuzikwa na tope mwaka 1845. Watu walikuwa na saa mbili na nusu, na vilima vya kuwaokoa vilikuwa karibu, mwendo wa miguu. Kila ninapoirudia habari hii nashindwa kuipita haraka, kwa kuwa hakuna chombo cha ajabu kilichohitajika. Kilichohitajika ni mtu mmoja wa kuaminika kusema: pandeni juu, sasa.

Tope pia halimalizikii siku ya mlipuko. Baada ya Pinatubo, kila msimu wa mvua kwa miaka mingi uliteremsha majivu yaliyolala miteremkoni. Mwaka 1995 mji wa Bacolor ulizikwa kwa namna hiyo, miaka minne baada ya mlima kutulia. Kanisa lake la kale limesimama hadi leo likiwa limezikwa karibu nusu, na watu huingia kupitia yaliyokuwa madirisha.

Ndugu yake tope ni wingu la moto linaloporomoka, mchanganyiko wa gesi, majivu na mawe yenye joto la mamia ya nyuzi, linaloteremka mteremko kwa kasi ya gari la mashindano au zaidi. Hili halikimbiliki. Ndilo lililoua Pompeii mwaka 79, na ndilo lililomaliza mji wa Saint-Pierre, kisiwani Martinique, Mei 8, 1902: watu kama 28,000 kwa dakika chache. Dawa yake ni moja tu, kuwa umeondoka kabla.

Hewa mbaya yenye jina la Kiswahili

Kando ya Goma na Sake kuna mabonde madogo na mashimo ambayo wenyeji huwakataza watoto kuyakaribia. Wanaita mazuku. Hewa ya ukaa hupenya kutoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama penye bonde kama maji yanavyotuama kwenye dimbwi. Haina rangi, haina harufu. Usiku usio na upepo huwa nyingi; jua likipanda na upepo ukivuma hupungua. Mbuzi hushuka kula nyasi, hainuki tena. Mtoto akimfuata, kichwa chake kiko ndani ya dimbwi lile la hewa, ilhali mtu mzima aliyesimama pembeni anapumua vizuri na haelewi kinachotokea. Akiinama kumwinua mtoto, naye huenda asiinuke. Neno mazuku sasa linatumiwa na wanasayansi wa volkano duniani kote katika maandishi yao, kwa sababu wenyeji walilijua jambo hilo na kulipa jina kabla ya wageni kufika na vipimo.

Kilichotokea Ziwa Nyos, Kamerun, ni mazuku ya ukubwa usiofikirika. Ziwa hilo limekaa kwenye kasoko ya volkano ya zamani, na gesi ilikuwa ikijikusanya katika maji ya chini kwa miaka mingi. Agosti 21, 1986, usiku, maji ya chini yalipinduka, gesi ikatoka kwa pamoja na kumiminika mabondeni. Zaidi ya watu 1,700 walikufa pamoja na maelfu ya mifugo, wengine wakiwa zaidi ya kilomita 20 kutoka ziwani. Hapakuwa na lava wala majivu. Mwaka 2001 wataalamu waliweka bomba linaloshuka mpaka kwenye kina cha ziwa: maji yakishaanza kupanda, gesi huyasukuma yenyewe yakaruka juu kama chemchemi, na ziwa hupunguziwa mzigo kidogo kidogo. Ni ile chupa ya soda, inafunguliwa taratibu.

Ziwa Kivu lina gesi nyingi zaidi, hewa ya ukaa na methani, ndiyo maana mwaka 2021 mamlaka zilipohofia magma iliyokuwa chini ya mji na ziwa ziliagiza sehemu kubwa ya Goma ihame. Lakini ifahamike kwamba gesi hiyo iko kina cha chini sana, na lava iliyoingia ziwani mwaka 2002 haikuivuruga. Rwanda huichota methani hiyo kuzalisha umeme.

Na je, volkano ndizo zinazopasha dunia joto, kama wengine wanavyodai ili kuwatoa watu lawamani? Hapana. Hewa ya ukaa inayotolewa na volkano zote kwa mwaka haifiki asilimia 2 ya ile inayotokana na makaa, mafuta na gesi tunayochoma. Mlipuko mkubwa hufanya kinyume: hupoza. Pinatubo ulirusha juu karibu tani milioni 20 za gesi ya salfa, ikageuka matone madogo yaliyozuia sehemu ya mwanga wa jua, na dunia ikapoa kwa takriban nusu nyuzi kwa mwaka mmoja au miwili. Mlima Tambora wa Indonesia, uliolipuka mwaka 1815, ulifanya makubwa zaidi: mwaka 1816 Ulaya na Marekani ya Kaskazini zilikosa kiangazi, mazao yakaungua kwa baridi, njaa ikaingia kwa watu ambao hawakuwahi kulisikia jina la mlima huo.

Sura mpya ya nchi

Milima huzaliwa. Februari 20, 1943, ufa ulifunguka kwenye shamba la mahindi huko Mexico mbele ya mkulima aliyekuwa kazini. Ndani ya mwaka mmoja palikuwa na mlima wa zaidi ya mita 300, Paricutín, na baadaye vijiji viwili vikazikwa. Milima hupungua pia: St. Helens wa Marekani ulipoteza mita 400 za kilele chake asubuhi moja ya Mei 18, 1980, ubavu mzima ulipoporomoka. Na mingine hujiangukia. Magma ikitoka kwa wingi, ghala la chini hubaki tupu, dari hukosa nguzo, mlima huzama ndani. Bakuli linalobaki huitwa kaldera. Ngorongoro ni kaldera ya aina hiyo, yenye upana wa karibu kilomita 19. Wanyama ambao wageni humiminika kuwatazama wanaishi ndani ya mlima uliodidimia zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita.

Hata mito hubadilishwa njia. Zamani maji ya eneo la Kivu yalielekea kaskazini, upande wa Mto Nile. Milima ya Virunga ilipoinuka ikaziba kama ukuta, maji yakakusanyika kuwa ziwa, yakafurika, na leo hutokea kusini kupitia Mto Ruzizi kwenda Tanganyika.

Kuhusu rutuba, tuwe waangalifu. Ni kweli udongo wa volkano ni miongoni mwa bora duniani, na ndiyo sababu miteremko ya Kilimanjaro, Meru na kisiwa cha Java imejaa watu. Lakini si kweli kwamba majivu ni mbolea ya msimu ujao. Tandiko jembamba la sentimita chache huchanganyika na udongo na mvua ikalifanyia kazi. La nusu mita huua kila kitu, na mkulima anasubiri miaka. Juu ya lava ngumu, kwanza huota ukungu na mimea midogo inayoshika kwenye mawe, halafu mimea kama kangaga, halafu vichaka. Penye mvua nyingi ni kazi ya miongo, penye ukame ni ya karne. Anayesema "mlipuko una faida kwa wakulima" anasema kweli kuhusu wajukuu, si kuhusu aliyepoteza shamba. Na miamba hiyo hiyo inaweza kutia maji floraidi ya kupita kiasi, kama inavyoonekana kwenye meno ya kahawia ya watu wengi waliokulia kuuzunguka Mlima Meru.

Je, inajulikana kabla?

Mara nyingi, ndiyo, ingawa si siku na saa. Magma ikipanda hupasua miamba, na matetemeko madogo huongezeka. Mlima huvimba kwa sentimita ambazo mitambo huzipima. Gesi hubadilika. Pinatubo ulianza kutoa mvuke Aprili 1991, wataalamu wakafunga vipimo, makumi ya maelfu wakahamishwa kabla ya Juni 15. Inakadiriwa angalau watu 5,000 waliokolewa.

Nyiragongo mwaka 2021 haukutoa nafasi hiyo. Mlima wenye ziwa la lava wazi tayari una njia. Magma haihitaji kupasua mwamba mwingi kupita, kwa hiyo hakuna kelele kubwa za kuisikia mapema. Dalili za wazi kwenye mitambo zilitangulia kwa chini ya saa moja. Kusema "wataalamu walilala" si haki.

Kilimanjaro nao? Kibo haukufa, umelala: bado kuna matundu yanayotoa gesi yenye harufu ya salfa ndani ya kasoko yake, lakini hakuna mlipuko wake ulioandikwa katika historia. Meru, jirani yake, ulitoa mlipuko mdogo mwaka 1910. "Kulala" hakumaanishi amani ya milele, na Hayli Gubbi imetukumbusha hivyo. Lakini milima iliyolala kwa kawaida haiamki bila kujinyoosha kwanza, na kinachotakiwa ni vipimo vinavyofanya kazi na watu wa kuvisoma kila siku, hata miaka ambayo hakuna kinachotokea.

Kama majivu yanaanguka unapoishi, funika matangi na chomoa mabomba yanayoleta maji ya bati kabla mvua haijanyesha. Funga pua na mdomo kwa barakoa au kitambaa, vaa miwani ya kawaida wala si ya kubandika jichoni. Ondoa majivu juu ya paa mapema, kidogo kidogo, ukiyanyunyizia maji kidogo tu yasipeperuke, na usipande peke yako. Kaa mbali na mabonde ya mito, hata kama mlima uko mbali kiasi kwamba huuoni.

Goma, mwaka 2002, watu walianza kurudi baada ya siku chache. Lava ilikuwa bado na joto. Walipita juu yake kwa haraka, mizigo kichwani, wakitafuta palipokuwa mtaa wao. Hawakuwa wajinga wala hawakuwa na imani za ajabu. Kambi zilikuwa na msongamano, mji ndio uliokuwa na soko na kazi na shule, na hakuna aliyewaonyesha mahali pengine pa kuishi. Baadaye wakaanza kupasua lile jiwe jeusi kwa nyundo na patasi, wakalipanga kuwa kuta, na kuta hizo zimesimama mji mzima hadi leo, juu ya mji mwingine uliozikwa chini yake.